Uji Usioonjwa

Kabla mama hajanifundisha ishara ya msalaba alinifundisha hili: usile chakula cha mtu ambaye hajakionja mbele yako. Bukavu, nilikozaliwa, na huku Cyangugu tulikorudi baada ya vita, sheria ni ile ile. Anayekukaribisha kinywaji hunywa funda la kwanza yeye mwenyewe, ndipo akupe. Si uroho huo, ni heshima. Anakuambia bila maneno kwamba kilichomo hakitakuua. Watu wa pande zetu wanaogopa karuho kuliko radi. Karuho ni ile sumu ambayo, wanasema, mbaya wako huificha chini ya ukucha wa gumba, kisha anakukabidhi bakuli gumba likiwa limezama ndani kidogo, nawe unashukuru na kuondoka, na baada ya wiki unazikwa. Sijawahi kukutana na mtu aliyeiona. Lakini nimehudhuria maziko ambapo ukoo mzima uliapa kwamba ndiyo iliyoua, na hadi leo, mtu mzima mwenye miwani, bado natazama magumba ya watu wanaponipa chai.

Nasema haya mapema ili usinishangae baadaye. Mimi ni mwoga, na nilikuwa mwoga zaidi nilipokuwa na miaka kumi na saba. Mama alipenda kunitetea kwa methali kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ilikuwa methali yake ya ukimbizi, na ilitufikisha salama sehemu nyingi. Kule Mibirizi iligoma.

Mwaka ule vita vya pili vya Kongo ndiyo kwanza vinaanza. Ilikuwa Agosti, likizo ndefu, kiangazi cha vumbi jekundu. Padri mmoja kijana, aliyekulia uhamishoni kama sisi na kusoma Ulaya, alikuwa amerudi na wazo la kuwakusanya wanafunzi wa sekondari siku kumi mlimani: kulala chini ya mahema, kuogelea, kupanda vilima, kusali, kuzoeana. Aliiita kambi. Mama alipolisikia neno hilo aliweka chini mwiko.

"Kambi?" alisema. "Padiri anatafuta batoto yetu baende mu kambi? Mi nilifikiri mambo ya kambi yalishaisha."

Hata hivyo aliniruhusu, kwa sababu kumkatalia padri kulimtisha kuliko kambi. Mlangoni alinishika sikio, si kwa nguvu, akaniambia, "Uangalie mikono ya bantu." Nilijua anasema nini.

Tulipiga kambi Nkanka, kwenye uwanja wa nyasi kavu juu ya ziwa. Mahema yetu yalikuwa shitingi, maturubai ya plastiki ya buluu, zile zile zilizokuwa zimewafunika wakimbizi, tukazifunga kwenye nguzo za mikaratusi kwa mafundo ambayo padri alitufundisha. Misa ilikuwa asubuhi, nje, upepo ukipeperusha kurasa za kitabu cha altare. Baada yake tuliogelea, tukavuka kijito tukining'inia kwenye kamba, tukaimba hadi sauti zikakauka. Ungetuona kwa mbali ungesema vijana hawa hawana shida duniani.

Kwa karibu ilikuwa habari nyingine. Ng'ambo ya maji ilikuwa Kongo, na siku nyingine mngurumo ulitufikia kutoka huko, mmoja, kisha mwingine, na wimbo ulikatika katikati. Tulitazamana kutafuta nani ataanza kukimbia. Kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kukimbia mara moja au mbili maishani, na miguu ilikuwa inakumbuka. Baada ya chakula cha mchana kulikuwa na kitu padri alichokiita saa ya jangwa: unakwenda peke yako mahali ambapo huoni mtu, unakaa na Biblia, unamsikiliza Mungu. Mimi nilikaa mgongo wangu ukiwa umebanwa kwenye mkaratusi ili asije mtu kwa nyuma, nikasikiliza nyayo. Kama Mungu alisema lolote saa zile, hakunipata.

Tena tulikuwa tunaogopana sisi kwa sisi. Wengine tulikuwa tumetoka Kongo na wazazi waliokaa uhamishoni miaka thelathini na ushei. Wengine walikuwa hapa hapa mauaji yalipotokea na walibaki peke yao katika familia zao. Wengine baba zao walikuwa gerezani wakingoja kuhukumiwa kwa mauaji hayo ya tisini na nne. Padri alituchanganya kwa makusudi, ekipe za watu sita sita, na kila siku mmoja wa ekipe aliwapikia wenzake. Kisha akaweka kanuni yake, nzuri kama sala: mpishi anapakulia wote, anakula wa mwisho, wala hatii kitu mdomoni kabla ya wengine. Wa mwisho atakuwa wa kwanza.

Maskini padri. Ulaya walimfundisha Injili wakamsahaulisha nyumbani. Alikuwa ametuambia tule mikononi mwa watu tuliowaogopa, na akakataza kile kitu kimoja ambacho kingetuwezesha kula.

Basi tukadanganya, kwa adabu. Kila mpishi alipofika zamu yake aligeuza mgongo kidogo, si sana, ili ekipe imwone na padri asimwone, akachota kwa kijiko, akameza, akasema kwa sauti, "Chumvi iko." Chumvi ilikuwa daima iko. Hakuna aliyezungumzia mchezo huo na hakuna aliyeukosea. Siku ya zamu yangu nilionja mara tatu, mama angejivuna.

Katika ekipe yetu ya wasichana kulikuwa na mmoja wa rika langu aliyetoka upande wa Gikundamvura. Alikuwa mmoja wa wale waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Kongo, na Kiswahili alikiokotea huko. Alikuwa mpole, mrefu, mikono mikubwa ya kulima. Baba yake alikuwa gerezani. Hakutuambia, hata hivyo tulijua, kama kila mtu alivyojua mambo ya kila mtu. Alinichekea siku ya kwanza nami nikamchekea, kisha nikahamishia mkeka wangu upande wa pili wa hema na kusema kuna siafu.

Zamu yake iliangukia asubuhi ya safari. Siku hiyo tulikuwa tunatoka Nkanka kwa miguu hadi misheni ya zamani ya Mibirizi, siku nzima ya vilima, tukisali rozari njiani. Mimi nilikuwa nimeamka vibaya. Tangu jioni kichwa kiligonga na sikuwa nimekula, nikadhani ni jua. Wiki mbili nyuma nilikuwa kwa shangazi yangu Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, nikiliwa na mbu, ila hilo sikulifikiria. Msichana yule alikoroga uji wa mahindi, akaujaza kwenye bakuli zetu za plastiki. Tulimngoja. Hakugeuza mgongo. Hakuchota kwa kijiko. Alitukabidhi bakuli kwa mikono miwili, mmoja mmoja, akitabasamu kama bibi harusi, kisha akarudi nyuma akasimama akingoja tunywe. Alikuwa ameitii kanuni ya padri, yeye peke yake kambini.

Nilitazama gumba lake. Lilikuwa limegusa uji.

Wenzangu wanne walitazamana, wakanywa, kwa sababu njaa ni njaa. Mimi nilikwenda nyuma ya hema kana kwamba nakunywa nikifunga mzigo, nikaumwaga wote chini ya kichaka, nikausawazisha kwa mguu na kuufunika majani. Nikapangusa mdomo. Nikarudisha bakuli nikasema, "Aksanti, ni muzuri." Alifurahi hata nikaona aibu kidogo. Aibu haikuzidi hofu.

Tulitembea. Kufikia adhuhuri vilima vilikuwa vinapanda vyenyewe mbele yangu, na rozari ya wenzangu ilikuwa inatoka mbali, kama redio ya jirani. Kwenye mteremko wa mwisho, paa za misheni tayari zikionekana kati ya migomba, niliona nyasi zikinijia usoni. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelazwa kwenye ingobyi, lile kapu refu la kubebea wagonjwa, wakulima wanne wakinipeleka mbio hospitali. Na nyuma yao nikasikia sauti ya msichana mmoja wa ekipe yetu akilia na kupiga kelele:

"Ni uji! Hakuonja! Sisi bote tuliona, hakuonja!"

Waganga walinitoa damu kidoleni, wakanitundikia maji, wakasema ni malaria, na kwamba pia sikuwa na nguvu. Ingetosha. Lakini jaribu wewe kuwaambia malaria watu waliokwisha kuona gumba kwenye bakuli. Kwamba wenzangu wanne walikunywa sufuria ile ile na walikuwa wazima haikumsaidia kitu. Karuho, walisema, huwekwa katika bakuli moja tu. Kufikia jioni ekipe zote zilikuwa zinajua. Wavulana wengine walitaka kumpiga. Animateri, vijana wakubwa waliotusimamia, wakamtenga, kwa kumlinda na kwa kumshika pia, akawekwa katika nyumba ya mkulima mmoja, wawili wakikaa mlangoni. Ikatumwa habari kwa konseye wa segiteri, mkuu wa kata ile, aje kumwuliza maswali keshokutwa asubuhi. Akiona ni kweli, angempeleka komini, kwenye mahabusu ya serikali. Na kutoka komini, mwaka ule, mtoto wa baba kama yule, hakuna aliyehitaji kuambiwa angeishia wapi.

Nami nilikuwa na neno moja la kumtoa: sikuunywa.

Sikulisema. Nataka kueleza kwa nini, ingawa maelezo hayanisafishi. Niliogopa mama, aliyetulea kwa kuhesabu punje na ambaye angesikia kwamba nimemwaga chakula. Niliogopa padri, aliyetukusanya ili tuaminiane. Niliogopa wasichana waliokuwa wamekwisha kulia kwa ajili yangu na wasingependa kurudishiwa machozi yao. Zaidi ya yote niliogopa kwamba huenda nilikuwa sahihi, kwamba uji ule ulikuwa na kitu na mimi ndiye niliyeponyoka. Hofu ina akili nyingi, hukosi hoja ukiwa nayo.

Mama alifika kesho yake asubuhi kutoka Kamembe, kitenge kimefungwa upande, jagi la maziwa mkononi. Maziwa ndiyo dawa ya karuho, na ndani alikuwa ametia majani ya kutapisha. Mwuguzi alipotoka alinishika kidevu.

"Kunywa. Yote. Itoke ile alikulisha."

Nilikunywa, nikatapika ndani ya beseni hadi nikaona nyota. Yalitoka maziwa, kisha maji ya kijani, kisha hakuna kitu. Kitanda cha jirani kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja kumwuguza binti yake. Aliinuka, akalichungulia beseni bila haraka, kama anayechambua maharage.

"Maman," akamwambia mama, "uyu mutoto tumbo yake ni ya bure. Hakuna chakula mwenye kukaa mule, si ya jana, si ya juzi. Sasa hiyo sumu, alikulia mu nini?"

Mama alimjibu kwamba karuho ni mjanja, huyeyuka. Yule bibi akanitazama mimi, wala si mama, akanitazama muda mrefu, kisha akarudi kwa binti yake. Nilivuta shuka hadi puani.

Alasiri padri alikuja kuniona. Alikuwa hajalala. Na hapo nikapata wazo ambalo nililiona la busara kuliko yote niliyowahi kuyapata. Nikamwomba aniungamishe. Nilifikiri hivi: nitamwambia yeye kwa siri ya kitubio, atajua msichana hana kosa, atamfungulia, na hakuna mtu atakayejua kwamba habari ilitoka kwangu. Mzigo utahamia kwake, nami nitakuwa nimetubu vilevile. Mama alitoka nje, padri akavaa stola yake, nami nikamwambia yote, kichaka, majani, mguu, kila kitu.

Niliona uso wake ukibadilika. Mwanzoni ulifunguka, kisha ukaanguka. Akashika ncha za stola.

"Mwanangu," akasema, "unajua umefanya nini? Sasa mi najua, na siwezi kusema, ya kitubio haitoki. Siwezi hata kumuangalia konseye na jicho ya mwenye kujua. Mbele ya kuniambia ningeweza kumutetea vile ninaweza. Sasa umenifunga mudomo. Weye tu ndiye umebaki."

"Padiri, naogopa."

"Hata mi naogopa," alisema. Alinipa maondoleo, na kitubio alichonipa ni hicho tu: niseme. Alipotoka nilikuwa na hofu kubwa kuliko alipoingia. Tangu nibatizwe sijawahi kuungama vibaya hivyo, ingawa sikuficha hata neno moja.

Asubuhi iliyofuata konseye alikuja hospitalini kwanza, ili asikie mgonjwa. Alikuwa mzee mwenye kofia na daftari, mchovu, mtu aliyekwisha kusikia mabaya kuliko ya uji. Tuliketi kwenye benchi uani, mama akinishika bega. Padri alisimama mbali akitazama ardhi. Msichana aliletwa kati ya animateri wawili. Hakuwa amefungwa. Mikono yake mikubwa ilikuwa mbele yake, imeshikana, kucha zimekatwa hadi nyama. Alikuwa amezikata usiku ule, au walimkata. Sikuuliza, na najuta kwamba sikuuliza.

Konseye akalamba kalamu. "Mutoto, ulikunywa uji ya uyu?"

Mngurumo ukasikika kutoka ng'ambo ya maji, hafifu, ukapita. Nilihisi mkono wa mama ukinibana bega, unanihimiza niseme ndiyo. Nilitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imekaa tayari juu ya ulimi, nyepesi, na kila mtu uani alikuwa anaingoja isipokuwa padri na yule bibi aliyekuwa anaanika nguo na kujifanya hasikii.

"Sikuunywa," nikasema. "Niliumwaga. Uko Nkanka, nyuma ya hema letu, chini ya kichaka. Nendeni mkaangalie. Sikukula chake hata tone moja. Niliogopa tu."

Mkono wa mama ulitoka begani. Konseye hakuandika kitu. Alifunga daftari, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mbuzi aliyempotezea asubuhi nzima, akasema nyie batoto mutatuua, akaondoka. Animateri nao walijikuta hawana la kufanya na mikono yao. Mama aliingia ndani kuchukua jagi lake, na tangu siku hiyo hakuitaja tena ile methali yake mbele yangu.

Tulibaki wawili kwenye benchi, mimi na msichana yule. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaanza, akanikatiza. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nilikuona," alisema. "Ukienda nyuma ya hema. Nilikuona ukimwaga."

"Basi juu ya nini haukusema?"

"Nani angeniamini?"

Baadaye kidogo alisema, akitazama magumba yake, kwamba kila Ijumaa anampelekea baba yake chakula gerezani. Mlangoni askari anafungua kila sufuria, na yeye anaonja kila kitu kwanza, maharage, mihogo, hata maji, kisha anafungua mdomo askari aone kwamba amemeza. Ndipo baba anapewa.

"Padiri aliposema mupishi asionje," akasema, "nilifurahi sana. Nilisema, hapa, bantu batakula tu mu mukono yangu. Bure. Bila kunichungulia."

Kambi ilivunjwa siku ile ile. Vita vya ng'ambo vilikuwa vimewatisha wazazi, na jambo letu liliwatisha waliobaki. Wenzangu walikuwa wanapakia shitingi nilipomwona msichana yule mara ya mwisho, akija wodini ameshika kikombe, gobeleti ya uji wa moto iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Kwetu huwezi kusafiri ukamwacha mgonjwa wa ekipe yako bila kumletea kitu, na hakuna mwingine aliyekuwa amenikumbuka.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaondoa jani. Kisha akaipeleka gobeleti mdomoni mwake.

"Usionje," nikamwambia. "Nakuomba. Nipe tu hivyo hivyo."

"Nimezoea," alisema.

Akanywa funda moja, akameza. Akanigeukia akafungua mdomo, wazi kabisa, ulimi nje, kama anavyomfungulia askari, akangoja hadi nilipoangalia. Kisha akanipa gobeleti kwa mikono miwili, magumba juu, mbali na uji.

Niliunywa wote mbele yake. Haukuwa na chumvi.